Mswala wa Kituo cha Okinuma

Siku aliyopotea Abdulnasir ilikuwa Jumapili, na huku kisiwani, kijijini Kengeja, mkewe Rahila alikuwa juu ya kiti, anapaka chokaa ukuta wa chumba kipya. Asubuhi alikuwa ameshampigia kumuuliza kama dirisha la nyuma litiwe nondo. Simu iliita mpaka ikakatika. Adhuhuri akapiga tena, na safari hii haikuita kabisa. Akashuka kwenye kiti, akanawa chokaa, akajifuta, akapiga kwa mikono mikavu, kama kwamba simu ndiyo iliyokataa uchafu. Tokea hapo simu ya Abdulnasir haijaita tena.

Siku hiyohiyo huko Japani, katika mji mdogo wa Okinuma, Abdulnasir alikofanya kazi kwenye yadi ya magari ya mitumba, mkuu wa kituo cha treni alitoka na ufagio kwenda mwisho wa jukwaa. Ni kituo kidogo. Kina reli mbili, daraja la kuvukia, kibanda cha kusubiria na safu ya baiskeli za watu wanaokwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Nyuma ya kibanda, chini ya paa, mzee yule alikuta mswala wa ukili umetandikwa. Nyuma ya mswala palikuwa na jozi ya viatu vya raba, vimepangwa sawasawa, kimoja kando ya mwenziwe. Mwenye viatu hakuwepo.

Kwa Wajapani, viatu vilivyopangwa vizuri karibu na reli vina maana mbaya: mtu kajitupa. Mzee alisimamisha treni. Reli ikakaguliwa kwenda na kurudi, isionekane damu wala mwili. Kamera ya mlangoni ilionyesha mtu aliyevaa koti la kazi la manjano la Abdulnasir, kofia ya koti kichwani kwa sababu ya mvua, barakoa usoni. Aligusisha kadi ya Abdulnasir, akaingia. Kadi hiyo haikutumika kutokea kituo kingine chochote.

Hayo ndiyo aliyokuwa nayo Inspekta Kazija Silima kwenye jalada lake, ofisi ya upelelezi Chake Chake. Juu yake yalikuwepo maelezo ya Hamzah, mtoto wa ami yake Abdulnasir na mshirika wake katika biashara ya magari. Wiki ile Hamzah alikuwa amefika Japani kwa mara ya kwanza maishani, kuangalia magari ya kuleta, na Abdulnasir alikuwa ameaga kazini ili akae naye. Aliondoka Okinuma Jumapili hiyohiyo, alisema, kwa gari ya kukodi yenye dereva mpaka uwanja wa ndege, akamwacha ndugu yake mzima wa afya.

Kadhi naye alikuwa anasubiri. Kaka zake Rahila walikuwa wamepeleka shauri kwake: dada yao ni mke wa mtu au ni mjane? Kadhi akawauliza polisi jambo moja tu. Je, ipo dalili ya uhai? Ikiwepo, Rahila atangoja. Isipokuwepo, atakaa eda.

Kwa muda mrefu jibu la Kazija lilikuwa kwamba dalili ipo. Mtu aliyeingia kituoni, akasali, akaondoka, ni mtu aliye hai.

*

Ubalozi ulipoleta picha za rangi, na ramani ya kituo iliyochorwa na polisi wa kule, Kazija alikwenda nazo Kengeja asubuhi. Mwanzo walikuwa na nakala zake nyeusi na nyeupe tu, ndogo kama kiganja.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, Mshumba." Bi Mwanawema, mama yake Abdulnasir, alikuwa kibarazani anasuka ukili, akimwita kwa jina la mji wa kwao, na hakuinua macho. "Umekuja na mtu au umekuja na karatasi?"

"Nimekuja na karatasi, Bi Mwanawema."

"Basi kaa. Karatasi hazina haraka."

Rahila alitoka ndani akijifuta mikono kwa kanga. Chumba alichokuwa akikipaka chokaa siku ile kilionekana nyuma yake. Kuta mbili nyeupe, mbili bado udongo. Kazija alizipanga picha juu ya jamvi moja moja, akaacha ile ya mswala mwisho.

"Huu unaujua?"

"Nnaujua?" Rahila alicheka kidogo. "Nimeushona miye. Tazama hapa pembeni, ukili wa zambarau ulinishia, nikaunga mwekundu. Nilimpa Hamzah ampelekee." Akaigusa picha kwa ncha ya kidole. "Kaupokea. Kausalia. Ntu anayetaka kujiua hatandiki mswala kwanza, Inspekta. Kasali, kapanda treni, kenda zake."

"Bila viatu?"

"Kanunua vyengine huko mbele."

"Kanunuliwa," Bi Mwanawema alisema. "Kanunuliwa na huyo Mjapani wake. Mungu amjaalie vimbane."

Kazija aligeuka. "Habari ya huyo Mjapani kawaletea nani?"

"Hamzah. Nani mwengine aliyefika huko? Kasema kamuona kwa macho yake, mwanamke mfupi, anauza maua mbele ya kituo. Abdulnasir kila akitoka kazini yuko hapo, maua hanunui."

Kazija alikuwa ameshaifuata njia hiyo mpaka mwisho wake. Nusaiba, mwanafunzi wa Wete anayesoma Japani na anayewatafsiria kwa ruhusa ya ubalozi, alikwenda mwenyewe Okinuma. Mbele ya kituo hakuna duka la maua na halijapata kuwepo. Lipo duka la kutengeneza baiskeli, na mwenye duka ni mzee mwenye ndevu.

Alipowaambia hayo, Bi Mwanawema alivuta ukili kwa nguvu. "Basi kamuona kwengine."

"Na aoe," Rahila alisema. "Inspekta, andika hivyo ukitaka. Aoe huko, azae huko, asinipigie maisha. Mradi anavuta pumzi."

"Haya, haya," alisema Bi Mwanawema kwa sauti ndogo. "Usimpe Mungu masharti."

Kazija akauliza lile alilokuja kuuliza, na aliliona dogo, la kujazia jalada tu. "Alikuwa na kawaida ya kusali vituoni, njiani?"

"Popote inapomkuta. Sala haimpiti." Rahila alianza kutabasamu, akamtazama mkwewe. "Ingawa mwanzo huko alisali upuuzi."

"Usimsengenye mume wako mbele ya askari."

"Si kusengenya, mama. Tulicheka sote humu ndani, nje halikutoka." Akamgeukia Kazija. "Si unajua sisi huku? Ntu akisimama kusali anaelekea kaskazini. Kazaliwa anaona hivyo, hata kaburini anageuzwa huko. Basi kafika Japani, kafungua dira kwenye simu, katafuta kaskazini, kasali. Mwezi mzima! Siku moja Mpakistani mmoja wa pale yadini akamsimamia mpaka akatoa salamu, akamwambia, 'We Mwafrika, mbona unaisalia Urusi?'"

Bi Mwanawema alicheka mpaka ukili ukamponyoka. "Tukimwita Shehe wa Urusi! Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa kitandani hawezi kukaa, akicheka mpaka anakohoa."

"Kumbe kule Makka iko jua linakozama. Tokea hapo hakosei. Miaka minne hii akinipigia simu ya picha Alasiri, akiwa ndiyo kwanza amalize kusali, namuona jua limempiga usoni, kafumba jicho moja hivi." Rahila alifumba jicho lake la kushoto na kubaki hivyo kidogo. "Namwambia, geuka. Ananambia, ntageukaje, kibla si huku?"

Kazija hakucheka. Aliinua ramani ya kituo kwenye jamvi, akaiweka kando ya picha, akaitazama moja, akatazama nyengine.

"Nini?" Rahila aliuliza.

"Bado sijui," alisema Kazija. "Sauti yake mara ya mwisho umeisikia lini? Si ujumbe. Sauti."

Rahila alitoa simu yake kifuani. Sauti yenyewe hakuitafuta. Ilikuwa ya juu kabisa, inayofunguka kwa kidole kimoja. Sauti ya kiume, ya mtu anayetembea na upepo, ikasema: *Rahila, mgeni wetu anafika leo, nakwenda kumpokea. Huo mzigo wako nitauona jioni. Nitakupigia tukishatulia.*

"Hiyo ni Jumamosi aliyofika Hamzah, siku nane kabla ya ile Jumapili," alisema Rahila. "Hakupiga. Kaandika. Wiki nzima akaandika tu: niko njiani, tuko na mgeni, nitakupigia kesho. Na yeye mvivu wa kuandika, hata salamu ya Idi anaisema. Nilifikiri wana shughuli."

Kazija alikusanya picha. Bi Mwanawema alimkazia macho kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Mshumba. Umeona kitu."

"Nitarudi, Bi Mwanawema."

"Najua utarudi. Nimekuuliza umeona nini."

"Nikiwa na hakika nitakwambia."

*

Alisimamisha gari pembeni ya uwanja wa skuli, akatandaza ramani juu ya boneti, akaibana kwa funguo na simu.

Reli ya Okinuma inatoka kusini kwenda kaskazini, imenyooka. Mshale wa kaskazini ulikuwa umechorwa pembeni, mkubwa. Mswala ulilazwa kwa urefu sambamba na reli, na viatu vilikuwa upande wa kusini. Aliyesimama juu yake alielekea kaskazini kamili. Mtu anayesali Okinuma kwa haki angeipa reli uso, kibanda kikawa nyuma yake na viatu vyake ukutani.

Picha na ramani hizi alizitazama yeye. Mkuu wake wa kazi alizitazama, na kadhi, na mama mzazi wa Abdulnasir. Hakuna aliyeona kasoro, kwa sababu wote ni watu waliozaliwa wanaelekea kaskazini. Waliona mswala uliotandikwa sawa.

Alijaribu kuivunja hoja yake mwenyewe kabla hajaipenda. Labda nafasi ilikuwa finyu, akaulaza mswala pale ulipoenea. Alipima kwa kidole kwenye ramani. Nyuma ya kibanda palikuwa papana, pangeenea mswala huo upande wowote. Labda upepo uliugeuza. Viatu vingebaki mahali pake. Labda mzee wa kituo aliusogeza alipokuwa anafagia. Alimpigia Nusaiba.

"Shikamoo, Inspekta."

"Marahaba. Nusaiba, muulize yule mzee wa kituo jambo moja tu. Aligusa kitu kabla ya kupiga picha?"

"Hilo sina haja ya kumuuliza. Alinambia mwenyewe nilipokwenda, tena kwa kiburi. Hapa kitu kilichosahauliwa kituoni hakiguswi ovyo. Kwanza alipiga picha, halafu akavaa glavu. Mpaka leo ameutundikia ule mswala karatasi yake, anasubiri mwenyewe arudi auchukue."

"Una dira hapo kwenye simu yako?"

"Ninayo."

"Wewe unasali umeelekea wapi?"

Nusaiba alicheka. "Magharibi, panda kidogo kaskazini. Kwa nini? Wiki ya kwanza nilikosea, kila mtu wa kwetu hukosea." Halafu akashusha sauti. "Inspekta. Ile picha…"

"Usimwambie mtu."

Aliikunja ramani. Aliyetandika mswala ule alikuwa Muislamu, kwani mwengine asingejua kuupanga pamoja na viatu. Alitoka huku visiwani, maana kosa lile ni la huku. Na alikuwa mgeni wa Japani, ambaye hajakaa vya kutosha hata Mpakistani mmoja akamcheka. Kwa hiyo hakuwa Abdulnasir. Mtu wa koti la manjano aliingia kituoni na kadi ya Abdulnasir, viatu vya Abdulnasir na mswala wa Abdulnasir, akaacha hapo dalili ya uhai ili watu wa Kengeja waisome. Nao wakaisoma, na Kazija pamoja nao.

*

Hamzah alikuja mwenyewe alipoitwa, kanzu imepigwa pasi, peremende mdomoni. Ana duka la vipuri Mkoani na kila mtu anamsifu kwa upole. Walikaa chumba cha nyuma cha kituo cha polisi, dirisha wazi, kuku wanapita chini yake.

"Tunalifunga hili, shangazi?" aliuliza. Alimwita Kazija shangazi kwa sababu babu zao waliwahi kuwa majirani, na alikuwa mtu wa kukumbuka mambo hayo.

"Tunalimaliza. Kadhi anataka kujua hali yake ya dini siku za mwisho. Kama alikuwa anasali."

"Abdulnasir?" Hamzah alikaa vizuri. "Kushinda sisi. Wiki nzima niliyokaa kwake tumesali jamaa, sala zote, ananisalisha yeye. Mpaka Jumapili naondoka, Adhuhuri alinisalisha."

"Mlisalia wapi?"

"Chumbani mwake. Kidogo, lakini watu wawili tunaenea."

"Yeye imamu, wewe ubavuni kwake."

"Kama sunna."

"Maana mgeni katika nchi ile sala inamtatiza. Wengi wamenambia kibla kinawapotea."

"Si mimi." Hamzah alitikisa kichwa kwa unyenyekevu. "Nilikuwa na dira kwenye simu. Hata uwanja wa ndege nilisali. Kaskazini ni kaskazini, duniani kote."

"Na yeye chumbani mwake alielekea huko huko."

"Sasa aelekee wapi?"

Kazija aliandika. Akamsomea aliyoyaandika, polepole, naye akatia saini bila kuuliza kitu. Kisha Kazija akaweka kalamu chini.

"Japani kibla ni magharibi, Hamzah."

Peremende iliacha kuzunguka mdomoni.

"Abdulnasir alilijua hilo miaka minne. Nyumbani kwao walimtania mpaka wakachoka. Kama angekusalisha sala moja tu, moja, ungejua. Basi hakukusalisha. Wiki nzima hujasali nyuma yake, kwa sababu tokea Jumamosi uliyofika hakuwepo wa kukusalisha."

Hamzah alitazama dirishani. Kuku mmoja alikuwa amepanda juu ya ndoo.

"Labda nimesahau," alisema. "Safari inachanganya. Labda ilikuwa magharibi."

"Umetia saini kaskazini."

"Nimetia saini nilichokumbuka."

"Mswala wa Rahila ulimkabidhi lini?"

"Siku niliyofika."

"Alisema nini alipouona?"

"Kafurahi."

"Kwa maneno gani?"

Hamzah alitabasamu, tabasamu dogo la mtu anayesamehe. "Shangazi, nikuulize na mimi. Huo mswala utapanda kizimbani useme? Utaulizwa ulielekea wapi, ujibu?" Alisimama, akakunjua kanzu nyuma. "Kama kuna jengine nitataka wakili. Kama hakuna, Adhuhuri inakaribia."

Kazija hakuwa na la kumzuilia. Alimwona akivuka barabara, akasalimiana na mzee wa ndizi, akamshika mkono kwa mikono miwili.

*

Wakili wa Serikali, Othman, aliisoma hoja yote bila kuinuka kitini. Alipomaliza aliivua miwani.

"Nakuamini," alisema. "Hilo nikwambie kwanza."

"Lakini."

"Lakini mwili uko wapi?"

"Sijui."

"Walipigana? Alimpa sumu? Kwa sababu gani?"

"Sababu sinayo. Walikuwa washirika. Kilichokuwa baina yao wanakijua wawili, mmoja hasemi na mwengine hayupo."

"Koti?"

"Halijaonekana."

"Uso kwenye kamera?"

"Barakoa. Na wamefanana umbo, baba zao ndugu."

"Huyo dereva wa gari ya kukodi?"

"Hamzah anasema hamjui jina. Nusaiba kauliza mji mzima, hakuna aliyempeleka. Lakini kukosekana kwa dereva si shahidi."

Othman alifunga jalada, akauacha mkono wake juu yake. "Nikisimama mahakamani nikasema mtu kauawa Japani, kwa ushahidi kwamba mwenziwe hakijui kibla, wakili wake atamleta shehe mmoja aseme mgeni anasamehewa. Atasema mteja wangu kachanganyikiwa kwa safari. Kesi itafutwa, na ikishafutwa vibaya hutaifufua hata ukiuokota huo mwili. Iache wazi. Waandikie wa huko wachimbe."

Kazija aliandika. Jibu la Okinuma lilichelewa, likaja na adabu nyingi. Walikuwa wamekwenda tena yadini. Tokea siku ile makontena yalikuwa yameshapakiwa na kusafirishwa nchi mbalimbali, magari mabovu yakashindiliwa na mashine, yakauzwa chuma chakavu. Yadi ilikuwa imepata mwenyewe mpya, naye alikuwa ameimwagia zege. Waliandika kwamba kitu chochote kikipatikana watatoa taarifa, na kwamba mswala na viatu, kwa kuwa si vitu vilivyosahauliwa tena, watavirudisha kama vielelezo. Mkuu wa kituo aliomba radhi kwa kuvishika muda mrefu.

Vielelezo vilifika vimefungwa vizuri sana. Kazija aliukunjua mswala mezani. Ulikuwa mgumu, ukili wake unang'aa. Hapakuwa na alama ya goti, wala ya paji la uso. Haukuwahi kusaliwa hata rakaa moja.

*

Rahila alimwona anakuja peke yake, mikono mitupu, akakaa kabla hajaambiwa akae. Bi Mwanawema alikuwa palepale kibarazani.

"Usinambie kama askari," alisema Rahila. "Nambie kama ntu."

Kazija alikaa chini kwenye jamvi, magoti yao yakakaribiana.

"Aliyeingia kituoni si yeye."

"Koti lake."

"Koti lake. Si yeye. Mswala ulielekezwa kaskazini, Rahila."

Rahila alimtazama. Midomo yake ilianza kufanya kitu kama kicheko, kwa sababu ya Shehe wa Urusi, halafu ikaacha. Alitazama chini, kwenye jamvi, kama kwamba picha bado zipo.

"Miye ndiye niliyekwambia."

"Ndiyo."

"Kama ningenyamaza…"

"Ningeendelea kumwambia kadhi kwamba yupo."

"Na miye ningengoja."

"Ungengoja."

Rahila alivuta kanga ikamfunika mabega. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayefuata hesabu mpaka mwisho wake. "Mswala nilimpa Hamzah mkononi. Kwa hiyo aliyeutandika…"

"Mimi siwezi kukwambia hilo. Sina ushahidi wa kulisema."

"Sijakuuliza. Naongea na nafsi yangu."

Bi Mwanawema alikuwa ameacha kusuka. "Alikuja hapa," alisema. "Siku aliyorudi safari. Kanilia begani, nguo ikarowa. Nikampikia." Aliuangalia ukili mkononi mwake kama kitu cha mtu mwengine. "Mshumba, mtamfunga?"

"Hapana, Bi Mwanawema. Si kwa nilicho nacho."

"Na mwanangu atazikwa wapi?"

Bi Mwanawema aliweka ukili chini, akaingia ndani.

Kadhi alipata kauli ya polisi wiki hiyo: dalili ya uhai iliyokuwa ikitegemewa imeondoka, na hakuna nyengine. Alimsikiliza Kazija faraghani, akamsikiliza Rahila, akahukumu kwamba Abdulnasir amekufa. Ijumaa, baada ya sala, msikiti wa Kengeja ulimsalia sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo. Watu walijaa mpaka uani. Hamzah alisimama safu ya kwanza, mikono kifuani, ameelekea kaskazini kama watu wote.

Jalada liko wazi Chake Chake. Mswala na viatu viko kabatini, vimetiwa namba. Chumba kipya hakijamalizwa kupakwa chokaa, na Rahila yuko ndani, amekaa eda.